Mtihani wa Mitandao ya Kompyuta: Tufundishe Kutengeneza Kabla ya Kukariri

Mara kwa mara wanachuo wetu, hasa wale wanaojiandaa kufundisha somo la kompyuta katika shule za sekondari, hutujia wakiomba msaada wa kujitayarisha kwa mtihani wa mitandao ya kompyuta utolewao na kampuni ya Cisco ya Marekani, ujulikanao kwa herufi CCNA. Ombi lao ni jema, kwani cheti hicho chatambulika katika nchi nyingi. Lakini swali la kwanza watuulizalo aghalabu si "Tusome nini?" bali "Maswali yaliyopita yanapatikana wapi?" Twaona kwamba swali hilo ndilo ugonjwa wenyewe, na kwamba sisi wakufunzi hatuna budi kuikubali sehemu yetu ya lawama.

Kwanza tuutazame mtihani wenyewe. Muundo wake wenye namba 200-301 ulianza Februari 2020. Mtahiniwa hupewa dakika 120, na akishajibu swali na kwenda mbele hawezi kulirudia. Ulipoanza, ada yake ilikuwa dola 300 za Marekani, na anayeshindwa hulipa upya. Muundo huo uligawanya mada katika mafungu sita: misingi ya mitandao asilimia 20, kuunganisha mashine ndani ya mtandao mmoja asilimia 20, kupitisha taarifa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine asilimia 25, huduma za mtandao asilimia 10, usalama asilimia 15, na kuendesha mitandao kwa msaada wa programu asilimia 10. Kwa mwanachuo wetu ada hiyo ni mzigo wa familia nzima. Basi si ajabu akitafuta njia ya mkato.

Njia hiyo ipo. Wako watu wauzao mikusanyo ya maswali yaliyoibwa katika vyumba vya mtihani, pamoja na majibu yake. Mtahiniwa huyakariri usiku na mchana. Jambo hili ni kinyume cha masharti anayoyakubali kabla ya kufanya mtihani, na akigunduliwa aweza kunyang'anywa cheti. Lakini hata tukiliacha kosa hilo kando, sisi walimu twapaswa kuuliza: je, aliyekariri amejifunza nini?

Tulipata jibu darasani. Tulimpa mwanachuo mmoja hodari anwani 192.168.10.77, tukamwambia kwamba biti 26 za mwanzo ni za mtandao. Tukamwuliza mtandao huo waanzia wapi na kuishia wapi. Alijibu pasipo kusita: waanzia 64, waishia 127. Jibu lilikuwa sahihi. Kisha tukabadili jambo moja tu: biti za mtandao ziwe 27. Akajibu tena 64 na 127. Tukaziongeza hadi 28, na jibu likabaki lile lile.

Mwanzo wa mtandao ni 64 katika hali zote tatu, lakini mwisho wake ni 127, kisha 95, kisha 79. Anwani ina biti 32. Zikitengwa 26 kwa ajili ya mtandao, zabaki 6, nazo hutoa anwani 64. Ya kwanza hutaja mtandao wenyewe na ya mwisho hutumika kuziita mashine zote kwa pamoja. Hivyo mashine hupata anwani 62. Zikibaki biti 5, mashine hupata 30. Zikibaki 4, hupata 14. Mwanachuo wetu alikuwa na jibu, lakini hakuwa na hesabu iliyolizaa.

Kosa hilo si dogo. Tuseme mashine nyingine ina anwani 192.168.10.100. Kwa biti 26, mashine hizo mbili zimo katika mtandao mmoja na zaweza kuzungumza moja kwa moja. Kwa biti 27 zimetengana, na pasipo ruta ya kuziunganisha hazisikilizani. Fundi asiyeona tofauti hiyo atabadilisha kebo, atalaumu kompyuta, na mwisho atamwambia mkuu wa shule anunue vyombo vipya, ilhali shida ilikuwa tarakimu moja. Naye akiwa mwalimu, atawarithisha wanafunzi wake ujinga uliovikwa cheti.

Twasema lawama ni yetu kwa sababu mwanachuo huyu hakuanza kukariri jana. Tumemzoeza hivyo tangu alipokuwa shule. Sisi husimama ubaoni, tukaandika tabaka saba za mawasiliano, yeye akazinakili, nasi tukampa alama kwa kuzitaja kwa mpangilio. Hatukumwuliza hata mara moja: kompyuta hii haifikii seva, utaanza kuchunguza tabaka lipi, na kwa nini?

Njia tunayoipendekeza ni kuutengeneza mtandao, kuuharibu kwa makusudi, na kuurekebisha. Wanachuo watatu wakae pamoja. Wa kwanza aingize hitilafu moja kwa siri, wa pili aitafute, wa tatu aandike kila hatua katika daftari chini ya vichwa vinne: dalili, dhana, jaribio, matokeo. Kisha wabadilishane kazi. Kwa mfano, mashine ipewe anwani isiyo sahihi ya ruta yake. Mtafutaji ataona kwamba inawafikia jirani zake lakini haifiki nje ya mtandao wao. Hapo yampasa aeleze kwa nini kebo na swichi hazina hatia. Akiweza kueleza hivyo, swali la mtihani juu ya jambo hilo halitamshinda, hata likiulizwa kwa maneno mengine. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Wenzetu watasema kwamba vyuo havina ruta wala swichi. Ni kweli katika vyuo vingi. Lakini iko programu ya kuigiza mtandao, Packet Tracer, ambayo Cisco huitoa bila malipo kwa wanaojiandikisha katika mafunzo yake. Kompyuta moja yatosha kwa watu watatu. Na hesabu za anwani hazihitaji hata umeme: karatasi na kalamu, hesabu kumi kila asubuhi, zaweza kufanyika chini ya mwembe. Wengine watasema muda ni mfupi. Nasi twawauliza: ni muda gani upoteao mtu akikariri mamia ya maswali atakayoyasahau kabla cheti chake cha miaka mitatu hakijakwisha?

Hatusemi kwamba kumbukumbu haina kazi. Mtahiniwa asiyejua kwa moyo 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na 256 atakawia njia nzima, na dakika 120 hazimngoji. Wala hatupingi mitihani ya mazoezi iliyotungwa kwa halali. Tunalopinga ni kuweka kukariri mahali pa kufikiri.

Kwa hiyo twatoa rai kwa wakufunzi wenzetu. Mwanachuo asipewe idhini ya kwenda kulipa ada ya mtihani mpaka aonyeshe daftari la hitilafu alizozitafuta na kuzirekebisha mwenyewe. Na sisi tusihesabu kazi yetu kwa idadi ya vyeti vilivyopatikana chuoni. Tuihesabu siku mtandao wa shule ya mbali utakapokatika, mwalimu tuliyemfunza akaufungua, akaona kilichoharibika, na akaweza kuwaeleza wanafunzi wake sababu.