Viliopo Wala Havionekani



Mama mmoja alinisubiri baada ya darsa. Binti yake wa kidato cha pili, anayetakiwa kuchagua masomo, amesoma kuwa sehemu kubwa ya ulimwengu haionekani hata kwa darubini. Je, wanaosema hivyo hawajidai kujua ghaibu? Na amwache achukue Fizikia?

Ghaibu, mama, haifikiwi kwa kipimo. Wanafalaki (sisemi wapiga ramli) wanatafuta kiumbe kilichoacha athari. Upepo hatujapata kuuona, lakini tanga likijaa, nahodha haulizi kama upo.

Tazama kundi la nyota liitwalo Andromeda, ambalo Abd al-Rahman al-Sufi alilieleza mwaka 964 kuwa ni kijiwingu. Miaka elfu baadaye, Bi. Vera Rubin wa Marekani na mwenzake Kent Ford waliichambua nuru yake. Nuru ya kinachotujia huelemea buluu, ya kinachotukimbia huelemea wekundu. Kwa hiyo rangi huwa kipimo cha mwendo. Walitarajia mambo yawe kama kwenye jua letu: Utaridi, iliyo karibu, huenda kilomita 47 kwa sekunde, na Neptuni, iliyo mbali, yapata 5 tu. Sivyo walivyokuta. Mawingu ya gesi ya pembezoni yalikuwa yakienda mbio karibu sawa na ya ndani. Walitangaza vipimo hivyo mwaka 1970, na makundi mengine waliyoyapima baadaye yakasema yale yale. Kwa mbio hizo, mvutano wa vinavyoonekana usingetosha kuyashika, yangetawanyika. Basi kipo kinachoyashika. Hukadiriwa kuwa yapata mara tano ya maada tuijuayo. Ni kitu gani? Wenyewe wanakiri hawajui, na kukiri huko ni katika adabu ya elimu.

Bi. Rubin alikuwa mama wa watoto wanne. Hadi mwaka 1965 wanawake hawakupewa rasmi zamu ya kutazama katika darubini kubwa ya Palomar, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba hapakuwa na choo chao! Watoto wake wote wanne walifikia shahada ya uzamivu.

Mwache binti achukue Fizikia yake. Swala na darsa lake viko pale pale. Akija na swali jingine, mlete tumsikilize.

Wallahu aalam.