Mchimba Ardhi na Apige Hodi

Kwa mila zetu za Pwani, mtu hamwingilii mwenziwe nyumbani mwake ila kwa hodi. Hodi hupigwa mara tatu: akiambiwa karibu, huingia, asipoitikiwa hurudi zake, wala haweki chuki. Adabu hii ni ya dini, na Sura ya An-Nur imeifanya kuwa amri. Basi twauliza: ikiwa chumba cha mtu chaheshimiwa hivi, mbona mto wake na shamba la urithi wake huingiliwa kwa malori na matingatinga pasipo hodi?

Swali hili latujia tukiitazama Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni. Nchi ile ni kavu, lakini ukavu wake una siri. Mito yake mingi haitiririki ila wakati wa mvua. Mvua ikikoma, maji huzama ndani ya mchanga, yakajificha jua. Wanawake hufukua mchanga ule wakapata maji ya kunywa na ya kunywesha mifugo. Tena Wakamba wamejenga kuta za mawe na saruji kuikinga mito hiyo, ili mchanga urundikane nyuma yake. Na mchanga uliojaa huweza kushika maji kiasi cha robo hata theluthi ya ujazo wake. Kwa ufupi, mchanga kwao ni mtungi.

Lakini ajapo mwenye lori haoni mtungi. Aona bidhaa ya kujengea maghorofa ya Nairobi. Achota usiku na mchana. Mchanga ukimalizika, mto hubaki mwamba mtupu, kingo humomonyoka, na visima hukauka. Mwanamke aliyekuwa akichota maji karibu na kwake sasa hupoteza asubuhi nzima njiani. Haishangazi kwamba ugomvi wa mchanga huko Makueni umemwaga damu, hata ya askari polisi.

Mwaka 2015, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda na mamlaka ya kuusimamia. Sheria hiyo haikusema mchanga usiguswe kabisa. Ilisema uchotwe kwa kibali na kwa mpango, na mto uhifadhiwe. Twaisifu kwa kuwa ilianza na jambo ambalo wafanyi biashara wengi huliweka mwisho, yaani kujua kwanza mwenyeji anaishije na mto wake.

Huenda msomaji wetu akasema: hayo ni ya Wakamba, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Kwanza, Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba maji ni katika vitu ambavyo watu wana ushirika navyo. Pili, kuna kamba iliyotaka kuifunga Kitui na Lamu pamoja. Makaa ya mawe ya bonde la Mui, huko Kitui, ambayo mkataba wake na kampuni ya Fenxi ya China ulitiwa saini mwaka 2013, yalikusudiwa baadaye kuchomwa katika mtambo wa umeme wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Wenyeji wa Mui waliuliza watahamia wapi na watalipwa nini, wakafika hadi Mahakama Kuu. Wavuvi wa Lamu nao waliuliza bahari yao itakuwaje. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni ya kampuni ya Amu Power, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huyo ndiye mgeni aliyeingia kabla ya kuitikiwa.

Na tuitazame Kwale. Kampuni ya Base Titanium ilichimba huko tangu mwaka 2013 hadi Desemba 2024, na madini yakapakiwa melini Likoni. Familia za Nguluku na Maumba zilihama kuyapisha machimbo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliagiza kwamba katika mrabaha serikali kuu ipate asilimia 70, kaunti 20, na wenyeji 10. Agizo ni zuri, lakini miaka ilipita kabla ya ile kumi kuanza kupatiwa njia ya kufika vijijini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi nayo ni deni, na deni halilipwi kwa hotuba.

Wako wanaosema kwamba madini ni mali ya taifa zima, na kijiji kimoja hakiwezi kuyazuia maendeleo. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka madini mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Lakini kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu kwa niaba ya mwenziwe ni amana, na mwenye kushika amana huulizwa. Wala taifa si kitu kilicho mbali na vijiji vyake.

Basi rai yetu ni hii. Mchimbaji na aje kabla ya leseni, si baada yake. Azungumze kwa lugha ya wenyeji, na mbele ya wanawake pia, maana wao ndio wachotao maji. Aulize yalipo makaburi, visima na mahali pa ibada. Fidia na ilipwe kabla nyumba haijabomolewa, na hesabu ya mrabaha isomwe hadharani. Akimaliza, na aifukie ardhi aliyoifukua.

Zaidi ya yote, akubali kwamba hodi huweza kukosa jawabu. Anayepiga hodi hali amekwisha kuazimia kuingia, huyo hajapiga hodi. Amegonga mlango kwa desturi tu.