Kizuri Chajiuza, Kibaya Chajitembeza. Cha Wastani Je? Haki ya Mchezo wa Video Mbele ya Mhakiki

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima yake, lakini imeacha pengo. Haisemi lolote kuhusu kile ambacho si kizuri kiasi cha kujiuza wala si kibaya kiasi cha kujitembeza, yaani kitu cha wastani. Pengo hilo limo pia katika uhakiki. Msomi akikabidhiwa kazi bora, maneno ya sifa humjia bila taabu. Akikabidhiwa kazi mbovu, hunoa ulimi. Akikabidhiwa kazi ya wastani hupiga miayo, akaandika aya mbili za kukidhi haja, kisha akageukia nyingine. Makala haya yanashikilia kwamba kazi ya wastani ndiyo mizani halisi ya mhakiki. Mchezo wa video umeteuliwa kuwa mfano kwa sababu katika sanaa hii changa suala la wastani limewahi kumfukuzisha mtu kazi na kuwakosesha wengine malipo.

Ni jambo lililo wazi kwamba kumbukumbu ya umma huhifadhi ncha mbili tu. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1998, ulikuwa mchezo wa kwanza kupewa alama 40 kwa 40 na jarida la Famitsu la Japani, ambamo wahakiki wanne hutoa alama zisizozidi 10 kila mmoja. Katika ncha ya pili yupo E.T. wa mwaka 1982, mchezo uliobuniwa na Howard Scott Warshaw kwa muda wa takriban wiki tano ili uwahi msimu wa Krismasi. Mchezo huo ulidoda, na mwaka 1983 kampuni ya Atari ilifukia shehena ya bidhaa zake, nakala za E.T. zikiwamo, katika jaa la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Mwaka 2014 jaa hilo lilifukuliwa mbele ya kamera na nakala zikaonyeshwa kama mabaki ya kale. Kumbe hata ubovu una historia yake! Mamia ya michezo iliyo baina ya ncha hizi mbili haikupata mhakiki wa kueleza ilifaulu wapi na ikajikwaa wapi.

Chanzo kimoja cha dosari hii ni mazoea ya kutoa alama. Kimahesabu, mtu angetarajia kwamba katika kipimo cha 10 alama 5 ndiyo iwe ya kazi ya kawaida. Katika uhakiki wa michezo ya video, hata hivyo, mazoea yameisukuma katikati hiyo hadi 7, na alama 5 husomwa kama tusi. Tovuti ya Metacritic, iliyoanzishwa mwaka 2001, hukusanya alama za wahakiki mbalimbali, ikazifanya kuwa alama moja kwa 100, kisha ikaipaka rangi. Filamu yenye alama 65 hupakwa rangi ya kijani, ishara ya kupokelewa vyema. Mchezo wa video wenye alama zizo hizo 65 hupakwa manjano, kwa kuwa kijani cha michezo huanzia 75. Kwa hivyo nambari moja ni sifa kwa sanaa moja na onyo kwa nyingine. Mizani ya namna hii ikiwekwa sokoni, mnunuzi wa nyama atagomba na mwenye bucha.

Madhara yake si ya nadharia tupu. Mwezi wa Novemba 2007 Jeff Gerstmann, mhakiki wa tovuti ya GameSpot ya Marekani, alitoa alama 6 kwa 10 kwa mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men. Wakati huo kurasa za tovuti hiyo zilikuwa zimepambwa kwa matangazo ya biashara ya mchezo uo huo. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amefutwa kazi. Mwaka 2012, alipokuwa huru kusimulia yaliyotokea, alieleza kwamba wasimamizi walikuwa wameshindwa kuhimili shinikizo la kampuni zilizotishia kuondoa matangazo yao kwa sababu ya alama za chini. Ikumbukwe kwamba alama 6 haikuwa laana. Ilikuwa hukumu ya wastani, na ndiyo iliyomponza.

Kisa cha pili kinawahusu wabunifu wenyewe. Kampuni ya Obsidian Entertainment ilibuni Fallout: New Vegas, uliotolewa mwaka 2010 na kampuni ya Bethesda. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa waasisi wa Obsidian, alifichua kwamba bonasi yao ilitegemea mchezo kupata alama 85 katika Metacritic. Ulipata 84. Hakuna msomaji wa fasihi awezaye kueleza tofauti ya kisanaa baina ya alama 84 na 85, lakini tofauti hiyo ilikuwa na bei.

Fauka ya hayo, neno wastani lenyewe lina maana mbili ambazo sharti zitenganishwe. Kuna wastani wa hesabu, na kuna wastani wa ubora. Mchezo wa Deadly Premonition, ulioongozwa na Mjapani Hidetaka Suehiro, ulitolewa mwaka 2010. Tovuti ya IGN ya Marekani iliupa alama 2 kwa 10. Tovuti ya Destructoid ikaupa 10 kwa 10. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliutambua kuwa mchezo wa kutisha uliowagawanya wahakiki kuliko wote wa aina yake. Alama hizo zikichanganywa na nyinginezo, mchezo huangukia katika sitini na kitu, pale pale palipo michezo isiyomsisimua wala kumkera yeyote. Hapo nambari imesema jambo ambalo wahakiki hao wawili hawakulisema. Katika mchezo huo jasusi Francis York Morgan anachunguza mauaji katika mji mdogo wa Greenvale huku akizungumza na Zach, mtu ambaye hakuna mwingine amwonaye. Wakazi wa mji wana ratiba zao za siku nzima, ndevu za jasusi huota asiponyoa, na gari lake huishiwa mafuta. Wakati uo huo, mapigano yake ni ya kuchosha na picha zake zilionekana kuukuu tangu siku ya kwanza. Ni kazi yenye mlima na bonde. Anayeiita tambarare hajaitembelea.

Kwa mintarafu hii, yapasa mhakiki atofautishe angalau aina mbili za michezo ya wastani. Aina ya kwanza ni ile ya kunakili. Tangu Assassin's Creed wa mwaka 2007 ulipompandisha mchezaji juu ya minara ili ramani imfunukie, minara na ramani zilizojaa alama za kufuatwa zimerudiwa katika michezo mingi hadi zikawa kama mianzo ya ngano isiyofuatwa na kisa. Mchezo wa aina hii haukosei popote. Kila kitufe hutii, kila kazi hukamilika, na mchezaji huzima mashine bila kukumbuka alichokifanya. Aina ya pili ni ile ya kuthubutu. Hapa mbunifu ana wazo jipya, ila ufundi wake haujalifikia. Aina zote mbili zaweza kupata 6 kwa 10, lakini ya kwanza inahitaji kukemewa na ya pili inahitaji kuelekezwa.

Kane & Lynch ni mfano mwafaka wa aina ya pili. Kane ni mamluki aliyehukumiwa kifo. Lynch ni mgonjwa wa akili anayetegemea dawa. Watu wawili wanapoucheza pamoja, mbele ya skrini moja iliyogawanywa, anayemwendesha Lynch huona mambo ambayo mwenzake hayaoni. Katika wizi wa benki, akili ya Lynch inapochafuka, raia wasio na hatia humtokea kama polisi, naye huwafyatulia risasi. Wanafunzi wa nathari wanamjua msimulizi asiyeaminika. Hapa wazo hilo limehamishwa kutoka katika maneno hadi katika macho na mikono ya mchezaji. Kuna pia sehemu iitwayo Fragile Alliance, ambamo wachezaji huiba pamoja huku kila mmoja akiwa na uwezo wa kuwasaliti wenzake ili ajitwalie zaidi, na anayeuawa hurejea akiwa polisi. Hili ni tamthilia kamili ya tamaa. Lakini kulenga shabaha ni kwa taabu, kujibanza nyuma ya ukuta hakuaminiki, na wenzi waendeshwao na kompyuta hufanya ya kwao. Wazo zuri likatiliwa katika chombo kinachovuja.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ana zana ya kulielewa hili kuliko anavyodhani. Ngano nzuri mikononi mwa fanani asiyejua kupandisha na kushusha sauti huwafanya wasikilizaji wasinzie, na kisa hafifu mikononi mwa fanani hodari huweza kuwakesha. Kwa sababu hiyo uhakiki wa fasihi simulizi haukomei kwenye fani na maudhui, bali huchunguza utendaji pia. Mchezo wa video ni wa kutendwa vivyo hivyo, ila kwa tofauti moja: mchezaji ni hadhira na ni mtendaji kwa wakati mmoja. Kitufe kikichelewa kutii, ni kama fanani aliyeshikwa na kigugumizi mahali pa kilele. Mhakiki akiyapima haya matatu moja moja, ataweza kusema kwamba mchezo fulani una maudhui mazito, fani ya kawaida na utendaji dhaifu. Hukumu kama hiyo inamfaa msomaji kuliko alama 6 iliyoachwa peke yake.

Huenda mtu akauliza: kwa nini kupoteza muda kwa kazi za wastani ilhali kazi bora hazijamalizwa kuhakikiwa? Isitoshe, mnunuzi anataka kujua jambo moja tu, anunue au asinunue. Hoja hii ina uzito, kwani fedha ni za jasho. Hata hivyo, wanunuzi hawafanani. Anayependa kisa atavumilia mapigano ya kuchosha. Anayetaka kushindana na rafiki zake jioni hatavumilia kitufe kisichotii. Maelezo huwahudumia wote wawili, nambari haimhudumii hata mmoja. Aidha, kazi bora huficha ufundi wake, sehemu zake zikiwa zimeunganishwa pasipo kuonekana mshono. Ni katika kazi ya wastani mshono unapoonekana, na mwanagenzi hujifunza kushona kwa kuutazama.

Ugonjwa huu haupo katika michezo ya video pekee. Ni tahakiki ngapi za vyuoni ambazo, baada ya kurasa nyingi za kuorodhesha tashbihi na tashihisi, hufunga kwa kusema kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa? Kiasi kikubwa ni kipi, na kile kidogo kilichosalia ni kipi? Sentensi hiyo ni alama 7 kwa 10 iliyovishwa kanzu. Haimkosei mtu wala haimfunzi mtu.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Kenya, ambako ubunifu wa michezo ya video ni fani changa. Mwaka 2011 kampuni ya Planet Rackus ilitoa Ma3Racer, mchezo wa simu unaomweka mchezaji kwenye usukani wa matatu. Mwaka 2015 Black Division Games ikatoa Nairobi X, mchezo wa kufyatua risasi ambamo jiji la Nairobi limevamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Kazi za watangulizi kama hawa hukabiliwa na hatari mbili. Hatari ya kwanza ni vigelegele vya kuwa wa kwanza, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya pili ni kupimwa kwa kipimo cha michezo ya ng'ambo inayotengenezwa na mamia ya watu kwa mamilioni ya dola, kisha kutupwa kando. Baina ya vigelegele na dharau, mbunifu kijana haambiwi matatu yake inapinda kona vizuri au vibaya, wala kama Nairobi yake ni jiji lenye watu au ni pazia tu lililochorwa majengo.

Ni nani atakayemwambia, na kwa lugha gani? Istilahi za Kiswahili za fani, maudhui, utendaji, hadhira na usimulizi zipo tayari. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuzitumia nje ya orodha ya vitabu teule, na subira ya kukaa na kazi isiyotukuka hadi ieleweke. Mhakiki atakayekuwa na mambo hayo mawili atamtendea mbunifu na mchezaji ule uadilifu ambao wahenga waliuagiza waliposema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.