Ukienda Dar es Salaam, Utalala Wapi?

Ndugu msomaji, kama wewe na mama watoto mnakusudia kumpeleka mtoto Muhimbili kwa wiki mbili, fikirini malazi kabla ya kukata tikiti.

Ndugu yako wa Manzese au Tandika huenda anakaa chumba kimoja na wanawe wanne. Atakupokea, maana ni damu yako. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini jembe hakuna: changia unga, mkaa na maji.

Ukitaka chumba cha kupanga, jua kwamba wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, hata mwaka, tena dalali naye hutaka chake. Kwa wiki mbili hiyo ni hasara tupu. Wala usimpe mtu fedha kabla hujakiona chumba na mwenye nyumba mwenyewe.

Basi yafaa nyumba ya wageni. Uliza kwanza bei ya siku, na kama watoto nao hulipiwa. Tazama choo, maji, chandarua na kitasa. Nyingine zina baa mlangoni. Hizo si za watoto. Zipo pia nyumba za Kanisa zinazopokea wageni, kama Msimbazi Centre, na ile ya Baraza la Maaskofu, Kurasini. Peleka habari mapema.

Tangu 2021 mabasi ya mikoani yana kituo chao Mbezi Luis, mbali na mjini. Jitahidini kufika mchana. Usiku kila mpiga debe hujifanya mjomba wako.