MARUERUE NI YA WATU, KOMPYUTA HUPAYUKA TU



Kuna neno la Kiingereza lililotuingilia shuleni bila kubisha hodi, nalo ni "hallucination". Zamani lilikuwa la madaktari. Siku hizi kila agusaye kompyuta analo mdomoni: akili unde ikibuni methali ambayo hakuna mhenga aliyeisema, utasikia ati "imehalusineti". Kamusi ya Cambridge hata iliteua kitenzi chake kuwa neno la mwaka wa 2023 kwa ajili ya maana hiyo hiyo. Mimi napinga. Sipingi Kiingereza, la hasha! Napinga uvivu wa kubeba mzigo bila kuufungua.

Hebu tuufungue. Asili yake ni Kilatini, alucinari, ambalo liliandikwa pia kwa h na kwa l mbili (kumbe tahajia haikuanza kuwasumbua wanafunzi juzi). Maana yake haikuwa kuona vitu. Ilikuwa kutangatanga kimawazo na kusema ovyo, yaani kupayuka. Habari za macho zilikuja baadaye. Mnamo 1646 daktari Mwingereza Thomas Browne alilitumia kwa macho yanayopokea vitu kimakosa. Kisha Esquirol, tabibu wa Ufaransa aliyefariki 1840, akaliwekea mipaka. Kuona kitu kilichopo ukakidhania kingine ni jambo moja, kuona au kusikia pasipo na kitu kabisa ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo lenye jina hili.

Na Kiswahili hakikosi maneno, jamani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: ung'ongo upo, ila macho yamemdanganya. Msafiri aonaye maji juu ya lami ya Garissa jua likiwa utosini huona mazigazi, na hayo hata kamera huyanasa. Lakini mgonjwa anayeongea na mtu asiyekuwepo, huyo anaona maruerue. Wengine husema maluweluwe.

Mbona nashikilia sana? Kwa sababu huko mabwenini neno likikosekana, mahali pake huingia "ana mashetani". Mwenzetu mmoja alipandwa na homa usiku, akawa anaelekeza kidole ukutani akisema ng'ombe wanaingia. Baadhi walicheka, wengine wakaanza kukemea pepo, na saa nzima ikapita kabla ya mtu kumwita matroni. Ilikuwa malaria. Malaria ikifika ubongoni huua, tena upesi. Ombeni, sikatazi, lakini ombeni mkiwa njiani kwenda zahanati.

Isitoshe, maruerue si ya wenye maradhi ya akili peke yao. Aliyekesha na vitabu siku mbili mfululizo anaweza kusikia jina lake likiitwa na asimwone mwitaji. Mjane huweza kusikia hatua za marehemu mumewe sebuleni. Kuwaita hawa wendawazimu ni dhuluma, na wengi wao hunyamaza wakaumia peke yao kwa kuogopa jina hilo tu.

Sasa turudi kwa kompyuta. Haina macho, haina homa, haijafiwa. Inaunga maneno kwa kukisia lipi laelekea kufuata, iwe ni kweli au si kweli. Ikikosea, haijaona chochote, imepayuka. Na tazameni kioja: tukisema hivyo tunakuwa karibu zaidi na Kilatini cha kale kuliko Waingereza wenyewe!

Asiyekubaliana nami na aje mkutanoni Alhamisi baada ya michezo. Nitakuwa kiti cha mbele.