Kabla Hujaususia Ugali

Siku hizi kila kona ina bingwa wa lishe. Huyu anapiga marufuku ugali na wali, yule anauza juisi ya kukata kitambi, na wote wana picha za kabla na baada. Picha si ushahidi. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa miezi 12: waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6. Ndiyo ugomvi wote huo!

Kwa kisukari cha aina ya pili kuna habari njema zaidi, ila ina masharti. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, karibu nusu ya waliopewa mlo wa kalori zipatazo 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa mwaka mmoja baadaye. Miaka miwili ilipotimia, walibaki kama theluthi. Nao walikuwa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, wameugua kwa miaka isiyozidi sita, na hakuna aliyetumia insulini.

Bingwa anayemshauri mgonjwa atupe sindano hayataji hayo. Mamlaka za afya zimwite ajieleze.