Mfanyabiashara Bungeni: Tujifunze kwa Robert Morris



Kila mjadala wa wafanyabiashara kuingia bungeni unapoibuka, kuna hoja haikosekani: tajiri hawezi kuiba, kwani tayari anacho. Mimi ni muuguzi, si mwanasiasa, lakini katika mji huu ninaoishi kuna kaburi la mtu ambaye maisha yake yanaijibu hoja hiyo.

Robert Morris alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1734, akaja Marekani akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1757 akawa mbia wa Thomas Willing hapa Philadelphia. Walikuwa na meli, waliuza bidhaa na, tusifiche, waliuza pia watumwa. Akaingia katika Bunge la makoloni na kutia saini Azimio la Uhuru la 1776. Mwaka 1779 akatuhumiwa kuhusu biashara zake na serikali. Bunge lilichunguza, likamwona hana hatia, lakini maneno hayakwisha.

Mwaka 1781, vita vikiendelea na serikali haina kitu, akakabidhiwa fedha za taifa. Alikubali kwa sharti kwamba biashara zake haziachi. Wakamkubalia.

Tumpe haki yake. Alitoa hati za malipo kwa jina lake mwenyewe, na watu wakazipokea kwa sababu walimwamini yeye kuliko serikali. Mwaka huohuo jeshi la Washington likashinda Yorktown.

Mwaka 1789 akawa seneta wa Pennsylvania. Mwaka huo Bunge liliunda Wizara ya Fedha, na sheria ikawakataza wakuu wake kufanya biashara, kumiliki meli au kununua ardhi ya umma. Maseneta haikuwahusu. Morris akaendelea kununua mamilioni ya ekari kwa mikopo, mpaka madeni yakamzidi. Mwaka 1798 akafungwa jela ya wadaiwa papa hapa mjini, akatoka 1801 kwa msaada wa sheria mpya ya kufilisika. Alifariki 1806.

Sasa jiulizeni: anguko lile lingemkuta mwaka 1781, taifa lililoegemea mfuko wake lingekuwa wapi?

Kazini kwetu, zamu zinapobadilishana, wauguzi wawili huhesabu mofini pamoja, kidonge kwa kidonge, kisha wote wawili hutia saini. Si kwamba mmoja wetu ni mwizi. Ni kwamba funguo haziachwi kwa uaminifu wa mtu mmoja, hata awe mwema namna gani.

Kwa hiyo simkatai mfanyabiashara kugombea. Ninachokataa ni kumwachia afunge mikataba na serikali hiyohiyo anayoitungia sheria. Mali zake zitajwe hadharani, na penye maslahi yake asipige kura. Anayeona hayo ni matusi, abaki dukani kwake.

Naomba kuwasilisha.